Shingo ya Gitaa la Muli

Shingo ya gitaa la Muli ilikaa kwenye dirisha la jikoni la Mbinya, Makongeni, miaka mingi kuliko ilivyokaa mikononi mwa Muli mwenyewe. Dirisha lilikuwa la kusukuma nje, chuma chake cha kulishikilia kilikatika zamani, na Mbinya akaona shingo ile inafaa: ngumu, ndefu ya kutosha, haili wala hainywi. Asubuhi aliitega, moshi ukatoka. Jioni aliiondoa, dirisha likajifunga. Mgeni aliyeuliza aliambiwa ni mti. Ambaye hakuuliza hakuambiwa kitu.

Jambo moja tu Mbinya hakuruhusu. Karibu na kichwa cha shingo palikuwa na kipande cha penseli kilichokingamishwa mahali nyuzi zilipokuwa zikipita, kimefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Muli ndiye aliyekifunga. Bendi yake ya kiwandani haikuwa na umeme, na penseli ikikaza nyuzi zote kwa pamoja sauti hupanda, ikawa nyembamba na kali, ikapenya ukumbi mzima watu wakiwa wanacheza. Wapigaji wengine walikuwa na penseli ya kuweka na kutoa. Muli aliifunga siku moja, akaipenda, hakuitoa tena. Alipokufa, Mbinya, mjane wake, naye hakuitoa. Mpira ulikauka ukawa mgumu kama kucha. Mtoto aliyejaribu kuuchokonoa alipigwa mkono.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha nyuzi za nguo. Leo ni maghala na uwanja wa kuuzia magari ya mtumba, na anayepita hapo haoni kitu. Mwaka wa mgomo wafanyakazi walikaa nje ya lango wiki baada ya wiki, wakila sukuma wiki ya kukopa na kuimba. Karani wa kuajiri alikuwa kijana nadhifu kwa jina Gachanja. Mchana mmoja alitoka akitabasamu, akawaambia kwamba wakubwa wamekubali kila kitu, waingie wapeane mikono, na bendi nayo ije na gitaa washerehekee. Watu waliingia wakicheza. Lango likafungwa nyuma yao, na kutoka nyuma ya ghala wakaja wanaume wenye rungu. Muli alikuwa mbele, kwa kuwa mwenye gitaa ndiye huongoza. Walivunja gitaa, kisha wakavunja mkono uliolishika. Kilichotoka kizima ni shingo.

Watu huambiwa yaliyopita si ndwele. Wanaoambiwa hivyo ni wenye makovu, na wanaowaambia kwa kawaida ni wale waliokuwa na rungu, au watoto wao, au wahubiri wanaokula kwa watoto wao.

Baada ya hapo Muli alitunga wimbo mmoja tu. Aliutunga kwa Kikamba, kwa mdomo, akijipigia kikombe kwa kijiko kwa mkono uliobaki mzima. Wimbo ulisema mambo kama yalivyotokea na ulimtaja Gachanja kwa jina. Uliimbwa kwenye matanga na kwenye harusi, ukatoka Makongeni ukafika Kithimani na Matuu, ukarudi na maneno mawili matatu zaidi. Mahali pekee ambapo haukufika ni masikioni mwa Gachanja. Muli alizikwa hivyo.

Mdogo wake Muli aliitwa Kaleli. Naye alikuwa kiwandani siku ile, upande wa kuunga uzi, na alifukuzwa pamoja na wengine. Akajifunza randa na patasi, na mpaka leo hutengeneza fremu za milango kule Mugutha, ambako kila shamba la kahawa lililong'olewa linaota ghorofa ya kupangisha. Ni mtu asiye na maneno mengi. Lakini alikuwa na jambo moja aliloliweka kifuani kama mtu anavyoweka jipu asilotaka likandwe: alitaka Gachanja ausikie ule wimbo, mbele za watu, na usikike kutoka kwenye shingo ile ile. Hakuwa akitaka zaidi ya hapo. Fidia walizisubiri mahakamani mpaka wakili wao akazeeka akafa, na Kaleli alikwenda kumzika.

Kilichokosekana ni mwili wa gitaa, na mwili ulitoka kwa Gachanja mwenyewe.

Gachanja sasa ni mzee mwenye tumbo na kofia, na ana mahali pa nyama choma Kamakis, penye taa nyingi na maegesho makubwa. Nduku, binti ya Muli na Mbinya, anahudumia meza pale. Alipoomba kazi aliulizwa kama anaweza kusimama kutwa, hakuulizwa baba yake ni nani. Wakubwa wanaokuja pale wikendi huvuta sigara nene zinazokuja kwenye visanduku vya mbao, mbao laini yenye harufu ya mtu mwingine kabisa, na visanduku vikiisha hutupwa. Nduku alimletea mama yake kimoja aweke sindano na nyuzi. Kaleli alikikuta mezani Jumapili moja, akakigonga kwa kidole. Akakigonga tena. Akakiinua, akakileta sikioni.

"Shemeji, hiyo ni ya sindano," Mbinya alimwambia.

Kaleli aliangalia sanduku, akaangalia dirisha. Mbinya alifuata macho yake. Kisha Mbinya alikwenda mwenyewe, akaitoa ile shingo, dirisha likajipiga pa. Akampa na sharti moja: penseli isiguswe.

Nduku aliposikia mpango ulivyo, hakufurahi wala hakukataa. Jumapili alasiri pale Kamakis kuna nyimbo za zamani, zilizopendwa, na mzee yeyote anayeweza kushika gitaa hupewa kiti, nyimbo mbili na sahani ya nyama. Kumwombea anko nafasi halikuwa jambo gumu. Aliuliza kama ataimba kwa Kikamba. Kaleli akasema atauimba kama ulivyotungwa.

"Na mzee akielewa?" Nduku aliuliza.

"Akielewa ndiyo sababu ya kwenda."

Nduku alikuwa na watoto wawili shuleni na chumba cha kulipia huko Ruiru, na kila mtu pale mezani alilijua hilo bila kulitaja. Aliosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi. Halafu akasema ataongea na meneja.

Kaleli alifanya kazi ile jioni baada ya kutoka Mugutha, kwenye stuli nje ya mlango wa Mbinya, watu wakipita na mitungi. Kwanza alichonga kisigino cha shingo, pale ilipong'oka kutoka kwenye gitaa la zamani, mpaka mbao iliyopasuka ikaisha na mbao nzima ikaonekana. Kisha akatoboa sanduku upande huu na upande ule, akapitisha kijiti cha mbao ngumu ndani yake kama nyama kwenye mshikaki. Kijiti hicho ndicho kingebeba kila kitu, maana sanduku la sigara ni la kubebea sigara, halikuumbwa livutwe na nyuzi za chuma. Kwenye ncha ya kijiti iliyotokeza mbele ndipo shingo ingekalia, kwa gundi na skrubu.

Hapo kwenye kukalia ndipo penye akili yote. Gitaa lina sheria moja ambayo Muli alimfundisha Kaleli utotoni, walipokuwa wakijitengenezea magitaa ya mikebe ya mafuta. Kwenye shingo kuna nukta mbili nyeupe, na hizo ndizo katikati ya uzi. Kutoka kichwani mpaka kwenye nukta, na kutoka kwenye nukta mpaka kwenye daraja, yaani kile kijibao kinachoinua nyuzi juu ya sanduku, umbali lazima uwe sawa. Ukikosea, gitaa litasema uongo, na kadiri vidole vinavyopanda ndivyo uongo unavyozidi.

Kaleli alichukua kamba, akaipima, akaikunja, akaipima tena. Daraja liliangukia katikati kabisa ya sanduku, mahali pazuri zaidi pa sauti, kana kwamba sanduku lilitengenezwa kwa ajili ya shingo ile. Alifurahi, ingawa furaha yake haionekani usoni. Alipaka gundi nyingi, akakaza skrubu mpaka zikalia, akafunga kwa mpira, akaacha siku nzima na usiku wake. Mtu wa milango hupenda kiungo kisichofunguka.

Alhamisi aliweka nyuzi. Mbinya alitoka jikoni akifuta mikono, akakaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Kaleli alikaza nyuzi moja moja, akazipiga zote wazi bila kushika, na sauti ilitoka nyembamba na kali kama zamani. Mama muuza mboga ng'ambo ya njia aliacha kukata sukuma. Mbinya alitazama chini.

Kisha Kaleli akaanza wimbo, vidole vikapanda shingo, na mambo yakaharibika. Hapo chini palikuwa pa kuvumilika. Juu kidogo palikuwa pachungu. Alipofika kwenye zile nukta mbili, ambapo Muli alipenda kukaa na kucheza, kila uzi ulikuwa na mawazo yake. Alikaza, akalegeza, akaanza upya. Ikawa vile vile.

"Huyo si Muli," Mbinya alisema. "Huyo ni mtu anaumwa na jino."

Kaleli alijaribu mpaka giza likaingia. Alilaumu nyuzi, akalaumu sanduku, akalaumu sigara za watu. Jumapili ilikuwa imeshapangwa na meneja alikuwa amemwambia Nduku jina la mzee limewekwa. Wimbo uliosubiri miaka yote hiyo ungefika kwa Gachanja ukiwa kichekesho, na mtu hawezi kumchekesha adui yake kisha amtake asikie.

Ijumaa alibeba gitaa lake ndani ya gunia akaenda kanisani, ambako kijana mmoja aitwaye Ngigi hupiga gitaa la ibada. Ngigi ana nywele za kusuka na heshima ya kutosha. Alimwamkia, akalitazama lile sanduku pande zote, akasema ni kali, anko, kali kabisa. Kisha akalipiga, akakunja uso kama aliyekula limau, akaliweka chini polepole ili asimuudhi mtu.

Kaleli alimwomba tu amwazime gitaa la kanisa kidogo. Akalilaza mezani kando ya lake, kichwa kwa kichwa, nukta kwa nukta. Shingo zilikuwa ndugu, urefu mmoja. Lakini daraja la gitaa la kanisa lilikuwa mbali zaidi, upana wa vidole vinne mbali zaidi. Kaleli aliweka vidole vyake vinne pale kwenye pengo, akaviangalia. Kisha akavipeleka taratibu upande wa kichwani. Kutoka kwenye mfupa mdogo ambapo nyuzi huanzia hasa, mpaka kwenye penseli ya Muli: vidole vinne.

Ngigi alielewa wakati huo huo. "Kumbe ulianza kupima kwa penseli."

Tangu aingie kiwandani Kaleli hakuwahi kuiona shingo ile bila penseli. Kwake, na kwa kila aliyecheza kwenye bendi ile, gitaa la Muli lilianzia pale. Kile kipande cha nyuma ya penseli kilikuwa kama chumba cha nyumba ambacho hakifunguliwi. Alikuwa amelipima gitaa vile alivyolikumbuka, na gitaa lilitaka kupimwa vile lilivyo.

Ngigi alisema jambo ni rahisi, akate tu ule mpira, atoe hiyo penseli, aanze upya. Kaleli alimwambia hiyo haiwezekani, na hata ingewezekana haisaidii, maana kosa liko upande wa pili. Akarudisha lake kwenye gunia, akashukuru, akatoka.

Mbinya alipoelezwa alicheka kwanza, kicheko cha puani. Kisha akasema, "Penseli haijamkosea mtu. Aliyepima ni wewe, shemeji."

Daraja halikuweza kusogezwa nyuma, kwa kuwa vidole vinne vingelitupa nje ya sanduku. Ilibaki shingo itoke mbele, na shingo ilikuwa imeungwa na mtu anayependa kiungo kisichofunguka. Jumamosi alasiri, kazi ya Mugutha ilipoachiwa, walikaa jikoni na jiko la makaa. Mbinya alipasha kisu mpaka kikawa chekundu, Kaleli akatoa skrubu na kukiingiza kati ya mbao na mbao. Gundi ilitoa moshi, ikalainika kidogo, ikaganda tena. Kisu kikarudi jikoni. Walifanya hivyo, Mbinya akipasha, Kaleli akisukuma, na katikati ya kazi Mbinya akaanza kusimulia, si kwa uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika mahali: jinsi Muli alivyoletwa kwenye mkokoteni wa maji, jinsi alivyokataa kuachia ile shingo hospitalini, jinsi muuguzi alivyodhani ni gongo lake la kutembelea. Kaleli alikuwa hajui habari ya gongo. Kisu kilipoingia mara ya mwisho shingo iliachia na sauti ndogo, kama mtu anayevua kiatu kilichombana.

Alikuwa amekuja na kipande cha mninga kilichobaki kwenye fremu ya mlango wa mtu. Akakiunganisha chini ya kile kijiti ili kirefuke na kiwe na nguvu, akaisogeza shingo mbele vidole vinne, akipima kutoka mfupani safari hii, akaiunga upya. Gitaa lilikuwa na sura ya ajabu sasa: sanduku, kisha pengo la mti mtupu, kisha shingo. Kama mtu aliyenyoosha shingo kuchungulia juu ya ukuta. Gundi ilipewa usiku mmoja tu, ndiyo nafasi iliyokuwepo. Asubuhi Mbinya hakwenda kanisani. Alisikiliza wimbo mzima, mpaka juu kwenye nukta na kurudi. Hakusema ni Muli. Alisema tu, "Haya, nenda," na akaingia kubadilisha nguo ili aende naye.

Kamakis Jumapili ni moshi na magari. Nyama hukatwa mbele ya mwenye kununua, na aliyekuwa akiikata siku hiyo ni Musau, Mkamba wa Yatta, mwenye mikono kama makasia. Mbinya alikaa naye karibu na jiko, kwenye benchi la wafanyakazi. Nduku alipita na trei bila kuwatazama. Alikuwa amewaambia mapema kwamba hatawatazama.

Kaleli alipopanda kwenye jukwaa dogo watu walicheka sanduku lake, kicheko cha heri. Mmoja aliuliza kama ndani mna sigara. Gachanja alikuwa kwenye meza yake ya kila Jumapili, karibu kabisa, na rafiki zake watatu. Naye alicheka, akasema kwa sauti huyu mzee apewe supu kwanza. Alikuwa mwenyeji mwema. Watu wa aina yake mara nyingi ni wenyeji wema.

Wimbo wa kwanza Kaleli alipiga wa kawaida, wa mapenzi, ili vidole vipate joto na watu wapate kuzoea. Sanduku lilitii. Sauti ilikata moshi, watu wakageuka kwenye viti. Walipopiga makofi akainamisha kichwa, akaingia kwenye wimbo wa Muli.

Sasa, wapigaji wa zamani walikuwa na desturi, na wapenzi wa zilizopendwa wanaijua vizuri: mpigaji humtaja mwenye nyumba katikati ya wimbo, humtaja aliyemnunulia kinywaji, humtaja aliyemlipia nauli, na anayetajwa husimama acheze, amtuze. Kutajwa ni sifa. Hakuna mtu anayekwenda kwenye starehe akitegemea jina lake litajwe kwa ubaya.

Kwa hiyo Kaleli alipofika pale wimbo unapomwita Gachanja, uso kwa uso, ukimuuliza mkono wa Muli uko wapi, Gachanja alisikia jina lake. Hayo mengine yalikuwa Kikamba. Aliwahi kuajiri Wakamba kwa mamia na kuwafukuza, lakini hakuwahi kuhitaji lugha yao. Aliinua mikono yote miwili. Rafiki zake wakampigia miluzi. Akasimama, akavuta suruali juu ya tumbo, akaja mbele ya jukwaa akicheza, mabega yakipanda na kushuka, na kila jina lake lilipokuja aliitikia kwa kugonga mguu. Wimbo unamtaja mara nyingi. Meza zote zikaamka. Alitoa noti, akailamba, akamgandishia Kaleli kwenye paji la uso.

Pale kwenye nyama Musau alikuwa ameacha kukata. Shoka lilikuwa limesimama kwenye gogo, naye amelikamata mpini, akitazama chini kama mtu aliye kwenye sala. Mbinya hakuwa anatazama chini. Alimtazama Gachanja akicheza kwenye mkono uliovunjika wa mume wake, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Kaleli alimaliza wimbo kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya. Makofi yakawa makubwa kuliko ya kwanza. Gachanja akataka urudiwe, akasema kwa watu wote kwamba Wakamba ni wao wenye gitaa, Mungu aliwapa, na kwamba huyu mzee sasa atakuja kila Jumapili. Kaleli alitoa noti usoni, akaishika. Wimbo ulikuwa umefika. Shingo ilikuwa imesema kila neno, mbele za watu, kwa sauti safi, na mtu aliyetungiwa ameupenda. Alianza kuteremka. Aliona kwamba hakuna ubaya mpya uliotokea, kwamba Nduku bado ana kazi yake, na kwamba pengine hilo ndilo litakalopatikana.

Nduku alikuwa amesimama chini ya ngazi na trei ya glasi tupu.

"Rudia, anko," alisema. "Rudia kwa Kiswahili."

Kaleli alimwangalia ili ahakikishe kwamba anajua anachosema. Nduku alikuwa anajua. Aliiweka trei kwenye meza ya karibu, ya Gachanja, akasimama pale pale mikono ikiwa mitupu.

Kaleli alirudi kwenye kiti. Kutafsiri wimbo huku unaupiga si kazi ndogo, maneno hayataki kukaa kwenye mdundo, lakini alikuwa ameubeba miaka mingi mno kuweza kuupoteza. Aliimba polepole zaidi.

"Gachanja alitoka langoni akicheka, akasema wakubwa wamekubali. Akasema njooni na gitaa. Tukaingia tukicheza, Gachanja, lango likafungwa nyuma yetu. Ulitoa rungu kama mtu anayetoa chai. Gachanja, mkono wa Muli uko wapi? Kina mama waliopigwa kwa rungu zako wako wapi?"

Mwanzoni walikuwepo waliocheza, kwa kuwa mdundo ni ule ule. Wakaacha mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa akirekodi kwa simu aliishusha, kisha akaiinua tena. Mafuta yalidondokea makaa yakachemka. Kaleli alipanda mpaka kwenye nukta mbili, kila uzi ukasema kweli, akashuka, akanyamaza.

Hakuna aliyepiga makofi. Gachanja alikuwa amekaa, ameshika glasi bila kunywa. Aliangalia rafiki zake ili aone wanamwangalia vipi, na wao walikuwa wakiangalia nyama.

"Ule wa Kikamba ulikuwa mtamu kuliko huu," alisema hatimaye.

"Ni ule ule, mzee," Nduku alimjibu.

Hapo ndipo Gachanja alipomtazama. Alikuwa amemtuma chumvi na pilipili muda wote huo, hakuwahi kumtazama. "Kwani wewe ni wa nani?"

"Wa Muli."

Gachanja alifikiri. Ilionekana anafikiri kweli, paji la uso lilijikunja, akarudi nyuma miaka yote hiyo na kupekua. Kisha akatikisa kichwa. Akasema walikuwa watu wengi pale kiwandani, yeye alikuwa kijana wa kutumwa, na kusema haki ya Mungu, hakumbuki mtu anayeitwa Muli.

Inawezekana alisema kweli. Mtenda husahau, na kusahau huko ndiko kunakomnenepesha. Mbinya alikuwa ameshafika kwenye jukwaa, akasimama kando ya binti yake. Nyuma yao Musau alikuwa ametoka kwenye jiko na aproni yake yenye damu, akakunja mikono.

Meneja alikuja akimwambia Kaleli kwa upole kwamba nyimbo zake mbili zimekwisha, na tayari amepiga tatu. Kaleli aliiweka ile noti juu ya meza ya Gachanja, kando ya trei. Hakubishana na mtu. Alikaa vizuri kwenye kiti, akaweka vidole mahali pake, akaanza tena tangu mwanzo.